Binokula za kutuliza picha: 10x30, 12x36, 10x42 au 14x40 kwa mtu wa Mtwara? Na kwa nini yangu iliogelea?

#1 Shangani Boy
Wadau salama? Niende kwenye mada. Korosho za mnada wa kwanza zimelipwa, madeni nimelipa, mabati nimeshusha, na kuna kihela kimebaki ambacho tabia yake naijua, nikikiacha kwenye simu kitaisha kwa michango ya harusi za watu nisiowajua vizuri. Safari hii nataka darubini, hizi za macho mawili, binokula. Tena sio za kawaida, nataka zile zenye kitufe, ukibonyeza picha inatulia tuli.

Ilivyoanza ni hivi. Kuna jamaa anazamia kule Mikindani aliniazima yake siku mbili, 10x30 ya Canon. Siku ya kwanza nikakaa nayo ufukweni Shangani, kuna meli ilikuwa nje inasubiri kuingia bandarini. Bila kitufe naona meli inachezacheza, maandishi siyasomi. Nikabonyeza... jamani. Ni kama mtu kaja kaishika meli kwa mkono. Jina nimelisoma, kutu nimeiona inavyotiririka chini ya nanga, na baharia mmoja nimemuona anaanika fulana ya bluu, kaikung'uta mara mbili kabla ya kuibana. Nikasema hii lazima niwe nayo.

Siku ya pili nikatoka nayo kwenye mashua ya mjomba tunaelekea upande wa Msimbati, tukakutana na nyangumi wawili, nadhani mama na mtoto, wale wa mwisho mwisho wanaorudi kusini. Nikabonyeza. Picha ikawa INAOGELEA. Sijui niiteje, haitetemeki ila inaelea, inaenda kushoto yenyewe taratibu alafu inaruka kurudi, nikimfuata nyangumi ndo inazidi, dakika tano tu mate yamenijaa mdomoni na mimi nimezaliwa Shangani sijawahi kutapika baharini. Mjomba ananicheka mpaka leo.

Kwa hiyo maswali mawili. Moja, kwa matumizi ya jumla (ufukweni, mashua mara mojamoja, ndege wa shambani Naliendele, mwezi usiku) nichukue ipi? Mbili, kwa nini iliogelea?

#2 Kilwa Finest
Mtu wa korosho akishalipwa anaanza kutafuta pa kuzitupia. Mwaka jana jirani yangu alinunua spika kubwa kuliko mlango wa nyumba, wewe umekuja na darubini. Angalau hii haipigi kelele usiku.

#3 Mchonga Mpingo
Chukua 14x40 mkuu, unaona mpaka kilomita 40, hiyo 10x30 inaishia 30. Ukikaa Msimbati na 40 si unaiona Comoro kabisa.

#4 Fundi Lenzi
Mchonga Mpingo hapana, usimpoteze mwenzio. Namba ya kwanza ndo mara ngapi kitu kinasogezwa. Ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita, haina uhusiano wowote na kilomita. 10x30 inasogeza mara 10 na kioo chake cha mbele kina milimita 30. Ndo maana ukiona mtandaoni mtu anauza binokula imeandikwa 180x100 na inaingia kiganjani ujue ni uongo mtupu, milimita 100 ni sentimita 10, yaani kila jicho lingekuwa na mdomo kama kopo kubwa la maziwa ya unga.

Comoro huioni hata kwa darubini ya ukubwa wa kontena. Dunia ni mviringo, ukisimama ufukweni macho yako yakiwa mita 2 juu ya maji upeo wa bahari uko kama kilomita 5 tu kutoka ulipo. Panda sehemu ya mita 25 utaona kama kilomita 18. Zaidi ya hapo meli inazama kuanzia chini, utaona mlingoti bila tumbo.

#5 Mchonga Mpingo
Sawa mwalimu nimekaa chini 😂

#6 Nahodha Mstaafu
Kijana wa Shangani pole na mate. Mimi nimekaa kwenye maji miaka mingi, jahazi mpaka meli za mizigo, na kwenye usukani darubini ni 7x50, basi. Mara 7 mkono unaweza kuituliza wenyewe, na 50 gawanya kwa 7 unapata milimita 7 za mwanga unaoingia jichoni, usiku unaona boya ambalo jicho tupu halioni. Haina betri. Haina kitufe. Ikidondoka unaipangusa.

Kuhusu kuogelea jibu ni jepesi. Hizo za Canon ndogo zinatuliza mtetemo wa mkono, uwezo wake ni kama nyuzi moja ya pembe hivi au pungufu. Mashua ya mjomba wako ikilala na wimbi inalala nyuzi kumi, kumi na tano. Kifaa kinajitahidi mpaka kinafika mwisho wa kamba yake alafu kinaachia. Ndo huko kuruka ulikosema. Fujinon 14x40 ni kitu kingine, ile ina gairo (kifaa cha kuhisi myumbo) na vioo vimening'inizwa ndani, inabeba nyuzi tano mpaka sita. Hiyo imetengenezwa na watu waliowahi kupanda boti.

#7 Shangani Boy
Nahodha shikamoo na ahsante. Lakini mbona bahari siku ile ilikuwa maleleji, hakuna upepo wa maana, mashua ilikuwa inatikisika kidogo tu? Hata chai ya kwenye chupa haikumwagika.

#8 Nahodha Mstaafu
Marahaba. Chai haimwagiki kwa sababu unaishika wewe. Kuna wimbi la mbali hulioni kwa macho, refu, linanyanyua mashua polepole. Mkono haulihisi, kioo kinalihisi.

#9 Fundi Lenzi
Kwa heshima zote mzee wangu hapo sikubaliani, au nakubali nusu. Ngoja nieleze inavyofanya kazi alafu muamue.

Canon za zamani kama 10x30 na 12x36, ndani kila upande kuna vioo viwili bapa vimeunganishwa kwa mvukuto mwembamba kama wa kodiani, katikati kumejazwa mafuta ya silikoni yanayopitisha mwanga. Sensa inahisi binokula imeinama, mota inainamisha kioo kimoja, mwanga unapindishwa kidogo, picha inabaki palepale. Sasa yote hayo yanaendeshwa na betri mbili ndogo za AA. Betri zikiwa zimechoka, sensa bado inahisi lakini mota haina nguvu ya kufuata kwa wakati, inachelewa. Kinachochelewa kinaogelea. Nimeshaletewa kamera za lenzi za aina hiyo zinaogelea hivohivo, nabadilisha betri mteja anashangaa. Na betri za dukani kwetu mnazijua, zile za jozi mia tano zikiwasha rimoti wiki mbili mshukuru.

Swali kwa mleta uzi: jamaa alikupa na betri gani?

#10 Shangani Boy
Alinipa ikiwa na betri zake ndani sikuzifungua. Ila siku ya kwanza zilifanya kazi vizuri kabisa ufukweni.

#11 Fundi Lenzi
Siku ya kwanza. Na ulibonyeza kwa muda gani jumla?

#12 Shangani Boy
...masaa kama matatu. Nilikuwa naangalia kila kitu mpaka kunguru.

#13 Kilwa Finest
😂😂😂 kesi imefungwa, betri za watu umezimaliza kwa kunguru

#14 Nesi wa Macho
Haijafungwa. Mimi nipo kitengo cha macho hapa Lindi, sio mtaalamu wa vifaa ila wa wanaovitumia. Kutapika kwenyewe kunaelezeka bila betri. Sikio la ndani linaiambia akili "tunayumba", macho yanaangalia picha iliyotulizwa na yanasema "tumetulia". Akili ikipata habari mbili zinazopingana ndo kichefuchefu kinaanza, ni kama mtoto anayesoma kitabu kwenye basi la kwenda Newala zile kona za kupanda mlimani. Kwa hiyo inawezekana kifaa kilikuwa kizima, nahodha yuko sahihi kidogo, fundi yuko sahihi kidogo, na tumbo lako ndo limetoa hukumu.

Kitu kingine, kaka, ulipanua ile bawaba ya katikati ikalingana na macho yako? Ukitumia ya mtu mwingine bila kurekebisha, jicho moja linavuta huku na lingine kule. Ufukweni unavumilia, kwenye mashua huwezi.

#15 Shangani Boy
Ile bawaba... sikuigusa dada. Jamaa ana uso mpana.

#16 Jicho la Rondo
Naomba niingie maana hapa kila mtu anaongelea maji. Mimi natembea na wageni wa ndege, msitu wa Rondo huku Lindi vijijini. Neno mlilolipita ni pale mleta uzi aliposema "nikimfuata nyangumi ndo inazidi". Hicho ndo kiini. Kituliza picha hakijui tofauti ya mkono kutetemeka na mkono kugeuka makusudi. Ukianza kumfuata mnyama, kifaa mwanzoni kinafikiri unatetemeka, kinashikilia picha nyuma, alafu kinagundua umegeuka kweli, kinaachia, picha inaruka mbele. Nawaona wageni kila msimu, hondohondo akiruka kutoka mti mmoja kwenda mwingine wanabonyeza kitufe, wanampoteza. Nawaambia fuata kwanza bila kitufe, ndege akitua ndo bonyeza.

Na hizi 32 mpya za Canon (10x32, 12x32, 14x32) hazitumii ile mifuko ya mafuta, zinasogeza lenzi kama kwenye lenzi za kamera. Kuruka kumepungua ila kupo.

Kwa msituni mimi bado ni 8x42 ya kawaida. Kivulini kule chini ya miti saa kumi na mbili na nusu asubuhi unataka mwanga, 42 gawanya kwa 8 ni milimita 5 na kitu. 10x30 inakupa 3 tu. Mbega akikaa juu na mkia wake mweupe unaning'inia sihitaji betri kumuona.

#17 Bibi Korosho
Kwa hiyo mtu wa Rondo unamwambia mwenzio asinunue? Wanaume mkishakuwa na chenu mnaona cha mwenzenu hakina maana.

Mimi ninayo 12x36 ya hizo za kitufe mwaka wa nne, nilinunua ya mkono wa pili kwa mtu aliyekuwa anahama nchi. Nina miaka 61, mikono yangu sio ya zamani, nikishika kikombe cha chai sahani inalia. Darubini ya kawaida kwangu ni takataka, naona ukungu unaocheza. Nikibonyeza kitufe naona furukombe anamla samaki upande wa pili wa mto, anaanza na tumbo. Hamjui raha hiyo vijana. Kila mnachosema cha nyuzi na mvukuto ni sawa lakini mkono wa mtu mzima ndo sababu kubwa ya kununua hiki kitu na hakuna aliyeisema.

#18 Jicho la Rondo
Bibi shikamoo, nimekosa mimi.

#19 Bibi Korosho
Marahaba mjukuu wangu. Ila usiku naona giza kidogo kwenye hiyo 12x36, mwezi safi, nyota chache.

#20 Nesi wa Macho
Bibi hiyo ni mboni. Kijana gizani mboni yake inafunguka mpaka milimita 7, ukishavuka hamsini wengi inabaki kama 5. 36 gawanya 12 ni 3, kwa hiyo kifaa kinakupa 3 na jicho lako lingepokea hata 5. Ile 10x42 inakupa 4.2, ingekufaa zaidi usiku, na ukivaa miwani pia, nafasi yake ya kuweka jicho nyuma ya kioo ni milimita 16, kwenye 12x36 ni 14.5. Inaonekana kidogo lakini mwenye miwani anajua.

#21 Mwanamikindani
10x42 imejaa sifa, mseme na uzito. Inakaribia kilo na gramu mia moja ukiwa hujaning'iniza kitu kingine shingoni. 10x30 ni gramu 600. Nimevaa 10x42 ya bosi wangu siku moja kutoka asubuhi mpaka adhuhuri, jioni shingo ilikuwa kama nimebeba ndoo ya maji kwa kamba. Ila ndo pekee kwenye hizo za Canon ulizotaja isiyoogopa maji kabisa. 10x30 na 12x36 wimbi likiingia ndani umekwisha. Kwenye mashua ya mjomba hilo ni la kufikiria kuliko hizo nyuzi zenu.

Faida nyingine, 10x42 unabonyeza mara moja unaachia, inakaa yenyewe dakika tano. Hiyo 10x30 lazima ukishikilie kitufe muda wote, kidole kinachoka na kidole kikichoka kinatikisa.

#22 Fundi Lenzi
Hapo Mwanamikindani umegusa jambo. Kidole kikilegea kitufe kinaachia kidogo, kituliza kinazima na kuwaka, zima na waka. Mtu anaona picha "inaruka". Maelezo ya tano hayo, tuendelee kuhesabu.

#23 Mchonga Mpingo
La sita: uraka, ile pombe ya mabibo. Mleta uzi siku hiyo mlibeba nini kwenye mashua.

#24 Shangani Boy
Maji na ming'oko, vile viazi pori. Mjomba ni hajj.

#25 Kilwa Finest
Ming'oko ndo ilikutoa mate sasa 😂

Seriously lakini, mimi nimpe angalizo moja ambalo halimo kwenye vitabu. Angalia unapoelekezea hiyo kitu. Huku kusini tupo jirani na mpaka, upande wa pili wa Ruvuma, Msumbiji, mashambulizi ya Cabo Delgado kuanzia 2017 mnayajua. Mimi nilikaa mahali (sitataja) naangalia ndege wa pwani, kitwitwi wadogo wale wanaokimbia na wimbi, akaja askari akaniuliza naangalia nini, nikamwambia ndege, akauliza ndege gani ya saa ngapi 😭 Nilieleza karibu saa nzima mpaka nikampa aangalie mwenyewe. Alipowaona kitwitwi akakaa nayo dakika ishirini, ikabidi mimi ndo nimwambie nataka kuondoka. Karibu na bandari, kambi, uwanja wa ndege, mpakani, uliza kwanza au iache begini.

#26 Bibi Korosho
Ndege ya saa ngapi 😂😂 nimecheka mpaka miwani imedondoka

#27 Mama Ming'oko
Habari zenu. Mimi naongelea kutunza maana mtanunua alafu mtalia. Marehemu mume wangu alikuwa na binokula nzuri, sitaji kampuni, anaipangusa, anairudisha kwenye mkoba wake wa ngozi, anaifungia kabatini. Masika mbili tu, ndani ya kioo pakaota kitu kama utando wa buibui, matawi matawi. Kuvu. Tukaambiwa haisafishiki bila kufunguliwa na hakuna wa kuifungua. Na ile raba ya nje ikaanza kunata kama gundi ya fenesi, ukiishika inabaki na alama za vidole. Hewa yetu ina chumvi na unyevu, mkoba uliofungwa ndo mbaya zaidi.

#28 Mwanamikindani
Pole mama. Weka kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko mkali na mchele, unanyonya unyevu.

#29 Fundi Lenzi
Mchele hapana jamani! Unga wake unaingia kwenye bawaba na mchele wenyewe ukishanyonya unaota kuvu. Tumia vile vifuko vidogo vya silika vinavyokuja kwenye boksi za viatu, vikusanye, vianike juani au karibu na jiko vikauke, rudisha. Na binokula ikae sehemu yenye mwanga na hewa, kuvu inapenda giza. Ukitoka baharini pangusa chumvi kwa kitambaa kilicholowa maji yasiyo na chumvi kabla ya kitambaa kikavu, ukianza na kikavu unasugua kioo na punje za chumvi.

#30 Mwanamikindani
Bibi yangu kaweka saa ya babu kwenye mchele tangu zamani na inatembea.

#31 Fundi Lenzi
Saa ya babu haina lenzi.

#32 Newala Juu
Mnaongelea bahari tu kama vile mkoa unaishia ufukweni. Huku Newala tunakaa pale Shimo la Mungu jioni, bonde lote la Ruvuma liko chini mpaka milima ya Msumbiji. Nina 10x50 ya kawaida na kigoda cha miguu mitatu cha kamera, nimefunga binokula juu yake kwa kipande cha chuma. Haitetemeki, haina betri, na sijalipa hata robo ya bei ya hizo za kitufe. Kwa mtu anayekaa sehemu moja kuangalia, kigoda kinashinda kituliza chochote.

Ila niseme ukweli, mchana saa saba hata kigoda hakisaidii. Joto linapanda kutoka bondeni, picha yote inacheza kama unaangalia kupitia moshi wa sufuria. Hilo hakuna kifaa kinachotuliza kwa sababu sio wewe unayetikisika, ni hewa. Shangani Boy ulikuwa saa ngapi baharini?

#33 Shangani Boy
Saa sita na nusu tulipowaona 😬

#34 Nahodha Mstaafu
Hapana. Joto linafanya picha ichemke, haliifanyi iende kushoto na kurudi. Nimeangalia meli kwenye joto miaka thelathini. Ni wimbi.

#35 Fundi Lenzi
Ni betri.

#36 Jicho la Rondo
Ni kufuata nyangumi huku kidole kiko kwenye kitufe.

#37 Nesi wa Macho
Ni bawaba na sikio. Haya tuweke silaha chini.

#38 Kilwa Finest
Kuna Zeiss moja 20x60 ya mwaka 1990 inatuliza bila betri, vioo vya ndani vimening'inizwa kwa springi, inasogeza mara 20. Nahodha hiyo ingekufaa, haina betri 😄

#39 Nahodha Mstaafu
Naijua. Kilo moja na nusu na zaidi, na bei yake unanunua mashua yenye injini. Nikishanunua mashua nasogea karibu na nyangumi, darubini ya nini.

#40 Mchonga Mpingo
Mzee kaua 🔥

#41 Jicho la Rondo
Mgeni wangu mmoja alikuja na Kite 12x42, ile inajiwasha ukiinyanyua usawa wa macho na kujizima ikining'inia kifuani, hamna kushikilia kitufe. Haiogopi mvua. Ukiipata kwa bei nzuri iangalie, kwa matumizi ya jumla kama yako naiona inakaa katikati ya 10x42 na 14x40. Kasoro, mara 12 upeo unakuwa mwembamba.

Na kuhusu upeo: 10x30 inakupa nyuzi 6, umbali wa kilomita moja unaona upana wa kama mita 105. 14x40 ni nyuzi 4, mita 70. Nyangumi anatoka sekunde tatu, ukiwa na mita 70 za kumtafutia utaona povu tu.

#42 Nahodha Mstaafu
Hilo nakubali. Ndo maana 7x50.

#43 Bibi Korosho
Na mwezi ulipopatwa tarehe 7 Agosti mwaka 2025 nani aliangalia? Mimi nilikaa uani na 12x36 yangu, wajukuu wanapokezana, mwezi umekuwa mwekundu kama dafu la manjano lililoiva... hapana, kama tofali.

#44 Newala Juu
Ilikuwa Septemba bibi, tarehe 7 Septemba. Ulizama wote mwekundu kuanzia kama saa mbili na nusu usiku mpaka karibu saa nne. Kwenye kigoda niliona nyota ndogondogo pembeni ya mwezi ambazo siku nyingine mwanga wake unazifunika.

#45 Bibi Korosho
Septemba, sawa. Uzee. Lakini tofali lilikuwa tofali.

#46 Fundi Lenzi
Kwa usiku mleta uzi usidharau kituliza. Mshitarii, hata 10x30 ukibonyeza unaona vile vimwezi vinne vyake vimepangana kama shanga, vilevile alivyoviona Galileo mwaka 1610. Bila kitufe vinachorachora mistari huoni kitu. Ila pete za Zohali usitegemee, hizo zinataka kusogeza mara 25 hivi na kuendelea, hapo ni darubini ya jicho moja.

#47 Shangani Boy
Wadau nimerudi. Niliomba tena ile 10x30 wikiendi hii. Nimenunua betri mpya, za bei, nimepanua bawaba ikakaa sawa na macho yangu, nimefuata maagizo yote.

Kwenye kivuko cha kwenda Msangamkuu: haikuogelea hata kidogo. Nimeona wavuvi wanapasua pweza Msangamkuu tukiwa bado tunaondoka upande wa mjini.

Kwenye mashua ya mjomba, saa moja asubuhi, jua halijawa kali: iliogelea. Kidogo, sio kama mara ile, na mate hayakujaa. Sikumfuata mtu, niliangalia boya lililosimama.

#48 Nahodha Mstaafu
Boya limesimama, betri mpya, asubuhi hakuna joto, bawaba sawa. Imebaki nini? Wimbi. Kivuko ni kizito hakilali, mashua inalala.

#49 Fundi Lenzi
Mzee umesahau alisema kidogo kuliko mara ile. Kilichopunguza ni nini kama sio betri? Tena muulize jamaa kama hiyo binokula iliwahi kudondoka, mvukuto mmoja ukipata ufa mafuta yanapungua upande mmoja, utaogelea mpaka kiyama.

#50 Nesi wa Macho
Au kilichopunguza ni bawaba.

#51 Shangani Boy
Nimemuuliza. Amekaa kimya kidogo alafu akasema "labda mara moja, kwenye ngazi".

#52 Kilwa Finest
LABDA MARA MOJA 😂😂😂

#53 Mama Ming'oko
Basi usinunue ya mkono wa pili bila kuitikisa karibu na sikio usikilize.

#54 Bibi Korosho
Yangu ya mkono wa pili na haijawahi kuogelea. Inategemea aliyeishika kwanza.

#55 Mwanamikindani
Shangani Boy, kuna mwenye boti ya kupeleka wageni kuzamia huku kwetu ana 14x40 ya gairo, ya kazi. Nimeongea naye, anatoka Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, kuna nafasi ya mtu mmoja ukichangia mafuta. Anasema ukiiwasha usubiri kidogo gairo lishike, na kwamba ina kilo moja na gramu mia tatu kabla ya betri kwa hiyo usije na mikono ya ofisini.

#56 Shangani Boy
Nipo. Nahodha twende wote nikulipie wewe nafasi mzee wangu?

#57 Nahodha Mstaafu
Nafasi ni moja, nenda. Nitakuwa Shangani na 7x50 yangu nawaangalia mnavyotapika.

#58 Fundi Lenzi
Beba betri za akiba.